Mũratina, Divai na Mwanagenzi: Historia ya Vinywaji vya Kuchachuliwa Nyumbani katika Eneo la Dagoretti

Utangulizi

Historia ya vinywaji vya kuchachuliwa katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi na watawala, wamisionari na mahakimu kuliko na watengenezaji wenyewe. Matokeo yake ni kwamba kumbukumbu zilizopo husimulia ulevi, faini na misako, lakini husema machache kuhusu maarifa. Ni nani aliyejua kiasi cha maji cha kutia katika asali? Mtu alijifunzaje kazi hiyo, naye alianzia wapi? Maswali haya hayaonekani makubwa, lakini mtaalamu wa lugha anayeyapuuza hupoteza sehemu nzima ya msamiati, na mwanahistoria anayeyapuuza hupoteza ufundi uliodumu vizazi vingi.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maswali hayo katika eneo moja, yaani Dagoretti, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, hususan vitongoji vinavyozunguka njiapanda ya Dagoretti Corner ambapo Barabara ya Naivasha inaachana na Barabara ya Ngong. Hoja inayotetewa ni kwamba mtu anayeanza leo kutengeneza divai nyumbani kwake katika eneo hilo haanzi utamaduni mpya. Anaanza upya kazi iliyokuwapo, ambayo imefichwa na majina iliyopewa.

Mahali na Watu Wake

Dagoretti iko mpakani mwa nchi mbili za kale: msitu na mashamba ya Wakikuyu wa kusini kwa upande mmoja, na mbuga za Wamaasai kwa upande wa pili. Katika karne ya kumi na tisa misafara kutoka pwani ilipiga kambi Ngongo Bagas, karibu na Ngong ya leo, ili kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari ya bara. Wapagazi wa misafara hiyo walisema Kiswahili. Kwa hiyo, kabla hata ya reli, eneo hili lilikuwa soko la bidhaa na soko la maneno pia.

Mnamo Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alijenga kituo Dagoretti baada ya kula kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga. Urafiki huo haukudumu. Kituo kilihamwa mwaka uliofuata, na ngome mpya, Fort Smith, ikajengwa Kabete mwaka huo huo wa 1891. Waiyaki alikamatwa mwaka 1892, akafia Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Mwaka 1898 misheni ya Kiskoti ilihamia Thogoto kutoka Kibwezi, na mwaka 1899 reli ikafika Nairobi. Katika muda usiozidi miaka kumi, watu wa eneo hili walipata majirani watatu wapya: serikali, kanisa na mji. Kila mmoja wao alikuwa na lake la kusema juu ya kibuyu cha pombe.

Majina na Maana Zake

Neno la jumla la Kikikuyu kwa kinywaji cha kulevya ni "njohi". Aina zake zilitajwa kwa kufuata kitu kilichochachuliwa: njohi ya asali na njohi ya miwa. "Mũratina" hasa ni jina la mti ambao Waswahili huuita mwegea au mvungunya, na ambao wanabotania huuita Kigelia africana. Matunda yake marefu, mazito, yanayoning'inia kwa vikonyo kama kamba, ndiyo yaliyotumiwa kuwa chachu. Baadaye jina la mti lilihamia kwenye kinywaji chenyewe. Huu ni uhamisho wa maana ambao wanaisimu wanaufahamu vizuri, lakini hapa una funzo la pekee. Wenye lugha hawakukipa kinywaji jina la utamu wake wala la ukali wake, bali jina la kile kinachokifanya kiwe. Lugha ilitambua kwamba kiini cha kazi ni chachu.

Asali nayo ina historia yake katika msamiati. Nyuki kwa Kikikuyu ni "njũkĩ" na asali ni "ũũkĩ". Kwa Kikamba nyuki ni "nzũkĩ", lakini "ũkĩ" ni pombe. Katika Tanzania kinywaji cha asali huitwa "wanzuki". Shina ni moja, nalo ndilo lililomo katika "nyuki" ya Kiswahili. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kwa wasemaji wa lugha hizi asali na kinywaji chake vilikuwa karibu sana, hata jina moja likaweza kuvuka kutoka kwa kimoja hadi kingine.

Kiswahili kwa upande wake kilikuwa na ghala kubwa: tembo la mnazi, dengelua ya miwa, uraka wa mabibo, na pombe ya nafaka. Kutoka kwa Wareno kilipata "mvinyo". "Divai" huhusishwa na Kifaransa, na neno hilo lilipata heshima kubwa kwa njia ya Maandiko. Kikikuyu kikalipokea kuwa "ndibei", nalo likaingia katika Biblia ya Kikikuyu. Hapo ndipo mgawanyiko mkubwa ulipotokea. Ndibei ikawa kinywaji cha harusi ya Kana na cha meza ya Bwana. Njohi ikawa kinywaji ambacho mwongofu alitakiwa kukiacha. Kwa upande wa kazi yenyewe, vyote viwili ni maji matamu yaliyoliwa na chachu. Tofauti iliyoachwa na lugha haikuwa tofauti ya utengenezaji, bali ya hadhi.

Wazungu wa Kenya, katika maandishi yao, walizidisha mkanganyiko huo kwa kuita vinywaji vingi vya Waafrika "tembo", hata pale ambapo hapakuwa na mnazi kwa mamia ya maili. Neno la mgema wa pwani likageuzwa kuwa jina la makosa ya watu wa bara.

Mafunzo ya Mwanagenzi wa Zamani

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaihesabu kazi ya kutengeneza pombe miongoni mwa zile zilizofanywa na wanaume na wanawake kwa ushirikiano. Miwa ilikatwa na kumenywa, ikatwangwa vinuni, ikachanganywa na maji, ikakamuliwa na kuchujwa. Hakuna aliyejifunza kazi hii kwa maelezo matupu. Mwanagenzi alianza kwa kubeba miwa na kuosha vibuyu. Alitwanga, akatazama, akanusa. Ruhusa ya kunywa ilikuja miaka mingi baada ya ujuzi wa kutengeneza, kwa maana unywaji wa kawaida ulikuwa haki ya wazee. Mpangilio huu unastahili kuzingatiwa: kijana aliijua kazi kabla ya kuujua ulevi.

Sehemu iliyohitaji uangalifu zaidi ilikuwa kutayarisha chachu. Tunda bichi la mwegea lina sumu, na kwa hiyo haliwezi kutumiwa hivi hivi. Lilipasuliwa, likakaushwa juani, likachemshwa, na maji yake yakamwagwa. Likakaushwa tena, kisha likalowekwa katika maji kidogo ya miwa mahali penye joto kwa muda wa siku nzima, likatolewa na kuanikwa. Baada ya hatua hizo ndipo lilipostahili kutiwa katika kibuyu kikubwa chenye maji ya miwa au asali iliyozimuliwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliueleza utaratibu wa namna hii katika chapisho lake la mwaka 1998 kuhusu matunda na mboga zilizochachuliwa, na likataja kwamba uchachukaji wa mwisho huchukua kati ya siku 1 na siku 4.

Kibuyu kiliwekwa karibu na moto, kwa kuwa nyanda hizi ni za baridi. Kinywaji kilipokuwa tayari, matunda yalitolewa, yakaoshwa, yakaanikwa na kutunzwa kwa matumizi ya safari nyingine. Tunda lililozoea kazi lilithaminiwa kuliko jipya. Kwa hiyo mwanagenzi aliyetaka kuanza nyumba yake alihitaji tunda kutoka kwa mwenye nalo. Uchachuzi haukuanza peke yake: uliombwa, ukatolewa, na aliyepewa akabaki na deni la heshima kwa aliyempa.

Kinywaji kilichopatikana kilikuwa na mahali pake pa kunywewa. Posa haikuendelea bila njohi, na mashauri ya wazee hayakufungwa bila njohi. Kabla ya kunywa, mzee alimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Kinywaji cha siku chache hakikuweza kuwekwa akiba, na kwa sababu hiyo hakikuweza kuwa bidhaa ya dukani. Kilitengenezwa kwa siku fulani, kwa watu fulani, kikaisha.

Kilichokuwamo ndani ya Tunda

Mambo yaliyofanywa kwa uzoefu Dagoretti yalikuja kupata maelezo ya kisayansi Ulaya. Kati ya 1857 na 1860 Louis Pasteur alionyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai vidogo mno, wala si kuoza kwa kawaida. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifanikiwa kutenga chachu safi ya aina moja. Tangu hapo kiwanda kiliweza kurudia ladha ile ile kila mara.

Kwa mwanga wa sayansi hiyo, tunda la mwegea halionekani tena kuwa ushirikina wa wazee. Nyuzi zake ni makao ya chachu. Kuzianika kulizifanya chachu zilale bila kufa. Kuziloweka katika utamu kuliziamsha. Kutumia tunda lile lile mara kwa mara kulikuwa ni kuchagua, kizazi baada ya kizazi, zile chachu zilizofaa na kuziacha zile zilizoharibu. Tofauti kati ya mzee wa Dagoretti na Hansen si kwamba mmoja alikuwa na maarifa na mwingine hakuwa nayo. Mmoja alihifadhi maarifa yake katika tunda na katika mikono ya wanafunzi wake. Mwingine aliyahifadhi katika chupa na katika maandishi. Njia ya kwanza hufa pale mikono inapokatazwa kufanya kazi.

Sheria, Misheni na Kiwanda

Na mikono ilikatazwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali za kukenekwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali za kikoloni zikaongeza sheria zao kuhusu vinywaji vya wenyeji. Misheni ziliwataka waongofu waache kabisa. Mjini Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, Manispaa ilijitwalia haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, ikafungua ukumbi wake Pumwani. Kilichokuwa kosa kwa mama nyumbani kwake kikawa mapato halali kwa Manispaa. Mwaka 1922 ndugu wa ukoo wa Hurst walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, kilichokuja kuwa Kenya Breweries; lakini bia ya chupa haikuruhusiwa kwa Mwafrika wa kawaida hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wakati huo Dagoretti ilikuwa bado sehemu ya Kiambu, nje ya mji, lakini karibu nao. Upande wa pili wa Barabara ya Ngong palikuwa na Kibera, makazi ya askari wa Kinubi na jamaa zao. Ustadi wa kukeneka uliokuwa mikononi mwao ulijulikana mji mzima. Kwa jina, busaa ni ndugu wa "buza" ya Waarabu na Waturuki. Hivyo katika eneo dogo palikutana njohi ya asali, busaa ya nafaka na pombe ya kukenekwa, ambavyo ni vitu vitatu tofauti kabisa kwa asili na kwa nguvu. Sheria ilivitazama kwa jicho moja.

Uhuru haukuleta mabadiliko makubwa katika mtazamo huo. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa na Dagoretti ikaingizwa jijini. Mashamba ya miwa yakapungua, nyumba za kupanga zikaongezeka, na sukari ya kiwandani au sukari guru ikachukua nafasi ya muwa na asali. Sheria ya Pombe za Kienyeji ilitungwa mwaka 1971, na mwaka 1980 ikafuata sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Wakati huo huo, mwaka 1969, ilianzishwa Kenya Wine Agencies Limited kusimamia biashara ya divai, na baadaye kampuni hiyo ikatengeneza divai ya mapapai. Divai ya tunda la nyumbani iliyotengenezwa kiwandani iliitwa divai. Iliyotengenezwa nyumbani iliitwa pombe ya kienyeji. Mgawanyiko uliozaliwa baina ya ndibei na njohi ulikuwa sasa umepata leseni.

Gharama ya mkanganyiko huo ilionekana kwa namna ya kusikitisha. Mnamo Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, hasa katika vitongoji vya Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Mnamo Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena katika kaunti kadhaa kwa sumu ya aina hiyo. Methanoli hiyo ilikuwa kemikali ya viwandani iliyoongezwa na wauzaji ili kupata ukali wa haraka. Haikutoka katika kibuyu. Matunda yanapochachuka hutoa methanoli kidogo sana, isiyofikia kiasi cha kuua. Hata hivyo, neno lililotumika kwa sumu na kwa njohi ya posa lilikuwa moja: pombe haramu. Mchachuzi na mtia sumu wakashtakiwa kwa jina moja.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilifuta sheria za awali, ile ya 1980 ikiwamo, ikaweka mfumo mmoja wa leseni kwa watengenezaji na wauzaji. Kwa mara ya kwanza katika kipindi kirefu, kinywaji cha kienyeji kiliweza kutajwa kisheria bila kuwa kosa kwa jina lake tu.

Mwanagenzi wa Leo

Katika hali hiyo ndipo anapotokea mwanagenzi wa leo, anayeishi katika chumba cha kupanga Riruta au Kawangware, mbali na kinu na shamba la miwa. Jambo la kwanza analopaswa kulijua ni sheria. Na aisome kabla ya kununua chupa, si baada ya kukamatwa. La pili ni kwamba kazi yenyewe haikubadilika. Anahitaji kitu kitamu, maji, chachu, usafi, joto la wastani na subira.

Hesabu yake imekuwa nyepesi kuliko ya wazee. Takriban gramu 17 za sukari katika kila lita ya maji hutoa kileo cha asilimia 1. Asali ina sukari ya karibu nne kwa tano ya uzito wake. Basi kilo 2 za asali katika mchanganyiko wa lita 10 zitampa kinywaji cha asilimia 9 hivi, ikiwa chachu itaila sukari yote. Hamira ya mkate huweza kuifanya kazi hiyo, ingawa chachu ya divai huivumilia pombe zaidi na huacha ladha safi zaidi. Joto la nyuzi 18 hadi 25 linatosha, na nyumba nyingi za Nairobi zinalo bila ya moto.

Hatari za mwanagenzi ni zile zile za kale kwa sura mpya. Chombo kichafu hukaribisha vijidudu visivyotakiwa. Hewa ikiingia baada ya chachu kutulia, divai hugeuka siki. Chupa ikifungwa kabisa wakati hewa ya uchachukaji ingali inatoka, hupasuka. Wazee walikifunika kibuyu bila kukikaza. Mtu wa leo hupitisha mrija kutoka kwenye kifuniko hadi ndani ya kikombe cha maji, ili hewa itoke na nyingine isiingie. Ni fikra moja kwa vyombo viwili. Baada ya majuma kadhaa sira hutua chini, na divai huhamishwa kwa utulivu kwenye chombo kingine. Ni marufuku kwake kukeneka, kwa maana kukeneka ni kazi nyingine, yenye hatari nyingine na sheria nyingine.

Jambo moja tu ndilo analolikosa, nalo ni mwalimu. Chachu yake hutoka katika pakiti, haina deni kwa mtu. Hakuna mzee wa kumwambia kwamba kinywaji hiki ni cha siku fulani na si cha kila jioni. Waliosema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji waliujua udhaifu wa fundi. Lakini fundi asiye na wa kumsifu wala wa kumkosoa ana udhaifu mkubwa zaidi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba historia ya divai ya nyumbani katika Dagoretti ni historia ya maarifa mamoja yaliyogawanywa na majina mawili. Ndibei ilipewa kanisa na kiwanda. Njohi iliachiwa jikoni na kizimbani. Mgawanyiko huo haukupunguza ulevi. Ulichopunguza ni idadi ya watu wanaojua kwa hakika kilichomo ndani ya kikombe, na ujinga huo ndio uliowapa nafasi wauzaji wa sumu.

Wajibu unaowaangukia wanaisimu ni wa haraka. Majina ya vibuyu, ya hatua za kukamua na kuchuja, ya harufu inayoonyesha kwamba tunda limeamka, na ya ladha inayoonyesha kwamba kinywaji kimepita wakati wake, yamo vinywani mwa wazee wachache wa Waithaka, Mutuini na Ruthimitu. Msamiati huo haujapata nafasi inayostahili katika kamusi, si za Kikikuyu wala za Kiswahili. Tunda la mwegea lililokauka laweza kulowekwa na kuamka baada ya miaka mingi. Neno likifa na mwenye nalo, halina maji ya kuliamsha.